Mshono wa Magige

Ukishika sanamu ndogo ya plastiki, igeuze uitazame ubavuni. Utaona mstari mwembamba umeanzia utosini, ukapita sikioni, ukashuka begani na mkononi mpaka kisiginoni. Huo ndio mshono. Ni pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, cha mbele na cha nyuma. Watu wengi hawauoni. Mimi nikiuona, nakasirika.

Naitwa Pastory. Kwetu ni Mugango, lakini kwa miaka mitatu nimekuwa nikifuta mishono Musoma, katika karakana ya fundi Hasani pale Iringo, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Fundi huchonga umbo la kwanza kwa nta, hulitengenezea kalibu ya mpira, kisha humimina rezini, plastiki ya maji inayoganda. Anayetoka ni mtu wa urefu wa kidole cha kati, mweupe kama chaki, ana mshono pande zote mbili, na vipande vyembamba vya rezini vimemning'inia kwapani na kila palipo na uwazi. Hapo ananijia mimi. Namwosha kwa sabuni na mswaki mkuukuu ili mafuta ya kalibu yatoke. Nashika kisu cha wembe kikiwa wima na kumkwangua bila kumkata. Halafu napitisha tupa, halafu msasa. Mwisho napitisha ukucha wa kidole gumba kutoka utosini mpaka kisiginoni. Ukucha ukikwama, narudia. Usipokwama, nampa Shani, mpwa wa fundi, ampake rangi.

Na mteja akija anasema nini? "Jamani, rangi nzuri!" Miaka mitatu nasikia rangi nzuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuinua sanamu akasema, tazama ilivyo laini, nani kaisafisha?

Mimi natunga mashairi pia. Sikufundishwa na mtu. Mizani nilijihesabia kwa vidole usiku wa umeme kukatika. Juu ya meza yangu nilibandika kipande cha boksi chenye ubeti huu:

*Mshono ukiniona, hujificha kwa aibu,*
*Kisu changu hukazana, kuufuta taratibu,*
*Kidole chapita sana, hakigusi cha ajabu,*
*Jina langu mtaona, kwenye kitako, karibu!*

Shani aliusoma siku ya kwanza akacheka mpaka brashi ikamponyoka.

"Jina lako kwenye kitako! Pastory, hapo umechagua mahali panapokufaa kabisa."

"Cheka tu. Rangi yako itababuka. Kazi yangu haibabuki."

"Kazi yako ni kuondoa. Mtu anayeondoa anaacha jina wapi?"

Nilikuwa nimekwisha kumwomba fundi Hasani ruhusa ya kuandika jina langu chini ya sanamu, ubavuni mwa lake. Naye alisema, "Subiri ije kazi kubwa, bwana mdogo. Ukiimaliza bila kasoro, andika."

Kazi kubwa ililetwa na Hezron, mwenye duka la vipuri vya magari Bunda. Wiki aliyokuja kuieleza mimi nilikuwa Mugango namsaidia mama kuvuna mihogo, kwa hiyo habari zake nilizikuta kwa fundi, nusunusu, maana fundi Hasani ni mtu wa Ujiji na huongea kama anayelipia maneno. Hezron ana bibi yake Butiama, Bibi Ghati. Bibi huyo ni kipofu, mwaka wa kumi na moja sasa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukoo wote ungekusanyika kwake, na bibi alitaka kuwaonyesha vitukuu watu wake waliokufa: mume wake Magige, mke mwenzake Wegesa, shemeji yake Mugeta, na kaka zake watatu. Picha za ukutani zilikuwa hazimsaidii tena. Alitaka watu anaoweza kuwashika.

"Amesema kabla hajafa anataka awashike mmoja mmoja awataje," fundi aliniambia. "Hataona rangi. Ataona kazi yako."

Aliposema hivyo nilimgeukia Shani taratibu, nikamtazama kwa raha zangu zote.

"Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Shani. "Na mimi nitapaka, kwa sababu wenye macho pia watakuwepo."

Mteja kipofu! Nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba yupo mtu duniani ambaye kwake kazi ya Shani si kitu, na yangu ndiyo kila kitu. Usingizi haukunijia vizuri siku ile. Niliona vidole vya yule bibi vikiteleza juu ya sanamu zangu kama maji, vikifika chini, vikikuta jina langu.

Fundi alizimimina zote sita siku ya Jumanne. Magige alimmimina mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kalibu iliteleza na sanamu ikatoka mbovu: nusu ya mbele imekaa chini kidogo ya nusu ya nyuma, na mshono umekuwa ngazi kabisa, unaukanyaga kwa kidole. Fundi aliitupa kwenye ndoo ya takataka. Mimi nikaiokota. Nilitaka kwenda nayo Butiama, niwaonyeshe watu jinsi sanamu inavyokuwa kabla ya mkono wangu na inavyokuwa baada yake. Kisha fundi akapanda basi kwenda Mwanza kununua rezini, maana iliyokuwepo iliishia kwenye kazi hiyo.

Jumatano nikakaa kazini.

Sijawahi kusafisha vile. Nilifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, nikasogeza meza dirishani ili mwanga upige ubavu, maana rezini nyeupe huficha mshono ukiitazama kwa mbele. Kwenye mabega mambo yalikwenda vizuri. Kwenye mikono, vizuri. Kwenye masikio nikakuta uchafu. Wote sita walikuwa na kitu kinachoning'inia chini ya sikio: kamba nyembamba ya rezini inayoshuka kuelekea begani, na ndani yake utando. Mmoja, ndiye Magige, upande wa kushoto alikuwa na kidonge kidogo badala ya kamba. Mshono unapita hapohapo kwenye masikio, na rezini huvuja palipo na mshono. Niliona ni mvujo. Hata sikufikiri mara mbili; kipande cha kwanza kilikuwa kimeshaanguka mezani.

Shani aliinua shingo kutoka kwenye meza yake.

"Hayo ya masikioni si ungempigia mjomba kwanza umuulize? Mbona yako kwa wote?"

"Kwa sababu kalibu zote zinavuja pale pale."

"Kalibu sita zivuje sawasawa?"

"Shani. Rangi nimekuachia. Mshono niachie."

"Haya," akasema. "Haya, baba."

Nikaendelea. Mpaka saa kumi masikio kumi na mawili yalikuwa madogo, mviringo, laini. Nikapitisha ukucha. Haukukwama popote. Fundi alipopiga simu kutoka Mwanza kuuliza kama mishono imekwisha, nilimwambia, "Imekwisha, fundi. Kidole hakigusi kitu." Akasema Alhamdulillahi, akakata simu.

Na jina? Niliona sina haja ya kusubiri. Kazi haikuwa na kasoro. Nilichukua sindano, nikaandika chini ya kila sanamu, kwa herufi za kubonyea: PASTORY. La fundi niliona ataongeza mwenyewe.

Alhamisi Shani alipaka rangi, nyembamba. Ijumaa asubuhi Hezron alikuja na pikapu yake, tukaondoka kwenda Butiama. Njia nzima alizungumza habari za mbuzi watakaochinjwa kesho yake na wageni watokao Tarime na Mwanza. Mimi nilishikilia boksi mapajani, limefungwa kwa kamba; hakuomba kuzitazama. Ule ubovu wa Magige, ile sanamu iliyotupwa, nilikuwa nimeutia kwenye mfuko wa vifaa, pamoja na visu na tupa.

"Dogo, bibi yangu ana mdomo," Hezron alinionya. "Usije ukashangaa."

"Akishashika hizi hatakuwa na la kusema."

Hezron akacheka. "Wewe na yeye mtaelewana."

Bibi Ghati tulimkuta sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, amejifunga kilemba cha kitenge mpaka shingoni, redio iko mbele yake inatangaza bei za mazao. Wanawake walikuwa wanaingia na kutoka na masufuria. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu ndiye fundi?"

"Fundi amesafiri. Mimi ndiye niliyezisafisha," nikasema, na nadhani sauti yangu ilijaa chumba.

"Ana sauti ya mwenyekiti," bibi alimwambia Hezron. "Zimeni redio. Nipeni mume wangu kwanza. Nilikuwaga naletewa chakula baada yake, leo pia aanze yeye."

Wanawake wakacheka, wakasogea. Nilimtoa Magige kwenye pamba nikamweka katika kiganja chake.

Vidole vyake vilikwenda utosini. Vikashuka pande zote mbili kwa pamoja, ile ile njia ya ukucha wangu, nami nikashusha pumzi kwa fahari. Vikafika masikioni. Vikasimama. Vikarudi juu, vikashuka tena, vikasimama pale pale. Uso wake ulikuwa bado una tabasamu, ila lilianza kuwa la mtu anayengoja kuambiwa kwamba ni utani.

"Hezron."

"Naam, bibi."

"Huyu nani?"

"Babu. Babu Magige."

"Huyu si Magige. Huyu ni karani." Akaiweka juu ya kitambaa. "Nipe Wegesa."

Nikampa Wegesa. Akamgusa shingo, akamgusa mabega, akapapasa hewa kati ya sikio na bega kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akamweka chini. Akaomba Mugeta. Akaomba kaka zake, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja kwa haraka kuliko aliyetangulia. Wanawake walikuwa wameacha kucheka. Wa mwisho akamwacha mapajani. Kisha akapiga yowe. Si kilio, ni yowe, lile la kuita watu nyumba inapoungua. Sufuria lilianguka huko uani. Watu walikuja mbio kutoka kila upande, na mimi nimesimama katikati ya sebule na boksi tupu, sijui nimefanya nini.

"Nani amewakata watu wangu?" alisema. "Nauliza. Nani amewakata?"

"Bibi, hakuna aliyekatwa," nikasema. "Ni laini tu. Nimeondoa mishono."

"Wewe ndiye?"

"Ndiyo, bibi."

"Njoo hapa. Piga magoti."

Nikapiga magoti. Akainua mikono, akafungua kilemba, akakivuta. Masikio yake yakashuka.

Sijui niseme vipi. Yalishuka mpaka karibu na mabega: ngozi ya sikio imetobolewa na kuvutwa tangu utotoni mpaka imekuwa kitanzi kirefu, chembamba, ambamo ungeweza kupitisha mkono wa mtoto. Nilikuwa nimewahi kuwaona wazee wa namna hiyo nikiwa mdogo, mnadani, wawili au watatu. Kwetu kando ya ziwa hatufanyi hivyo, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna watu waliofanya. Kamba nyembamba inayoshuka kuelekea begani. Na ndani yake utando.

Nilisikia kichwani mwangu sauti ya kile kipande cha kwanza kikianguka mezani, ambacho kwa kweli hakikuwa na sauti.

"La Magige la kushoto lilikatika akicheza ngoma, akalifunga fundo," bibi alisema. "Miaka hamsini nimelala upande wa hilo fundo. La Wegesa lilikuwa ndilo refu kuliko yote, alikuwaga anatia kikopo chake cha ugoro humo, anatembea anajisikia. Mugeta alikuwa na moja refu na moja fupi. Mimi sura za watu zimeshanitoka, mjukuu wangu. Miaka kumi na moja. Kilichobaki ni hicho. Nilimwambia Hezron, amwambie fundi: nitawajua kwa masikio."

"Nilimwambia, bibi," Hezron alisema kwa sauti ndogo. "Na fundi aliyachonga, nilimuona."

Bibi aliiokota mapajani ile sanamu ya kaka yake. Akaigeuza, na kidole gumba kikapita chini.

"Na huku chini kuna mikwaruzo. Nini hii?"

Ningeweza kusema ni kasoro ya kalibu. Wallahi niliwaza kusema hivyo.

"Ni jina langu, bibi."

"Unaitwa nani?"

"Pastory."

"Pastory," alirudia, kama anayeonja kitu. "Lako umeandika. La kwao ulilikuta limeandikwa, ukalifuta."

Mwanamke mmoja mlangoni alikuwa amejishika mdomo. Mimi mtu wa maneno, mwenye ubeti wa kila jambo, nilitafuta neno moja tu nikalikosa. Niliinuka nitoke nje, nipate hewa, na mfuko wangu wa vifaa ukagonga mguu wa meza.

"Kuna nini kimegonga humo?" bibi akauliza.

"Vifaa vyangu tu. Visu."

"Kisu hakigongi hivyo. Leta."

Masikio yake mwenyewe yalikuwa hayajapungukiwa kitu. Nikafungua mfuko, nikatoa ule ubovu wa Magige. Nilikuwa nimepanga kuutoa kwa mbwembwe, watu wacheke. Sasa niliutoa kama mwizi anayetoa kuku chini ya koti. Ulikuwa haujapakwa rangi wala kuoshwa, bado una mafuta ya kalibu, mshono umesimama kama ngazi, tando zimemjaa kwapani.

"Hii ni mbovu, bibi. Ilitupwa. Usiishike, itakukwaruza."

Alinyoosha kiganja akangoja. Nikampa.

Vidole vilianza utosini, vikakwama, vikapanda ule mshono, vikashuka. Vilifika kushoto, kwenye kile kidonge. Vikakizunguka mara moja. Mara ya pili. Kisha Bibi Ghati akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mwanamke kijana anayemgombeza mumewe mlangoni:

"Ulikuwa wapi wewe?"

Hezron aligeuka akatazama ukuta. Mimi nilibaki nimekodoa macho. Kitu kilichotoka kwenye ndoo ya takataka! Machozi yalikuwa yanamshuka bibi mpaka kwenye vile vitanzi vya masikio, naye anacheka, anakipapasa kile kidonge kwa kidole gumba.

"Hii nani kaitengeneza?"

"Fundi Hasani," nikasema. "Mimi hiyo sikuigusa."

"Ndiyo maana," alisema.

Niliwahi kupigwa ngumi ya pua ufukweni Mugango, na haikuniuma kama yale maneno mawili.

Nje nilimpigia simu fundi. Nilimweleza yote. Akasema, "Mimi ni mtu wa Ujiji, Pastory. Wewe ni mtu wa huku. Nilijua unajua." Rezini alikuwa hajaipata, na mzigo ungeingia Mwanza Jumatatu. Ukoo ulikuwa unakutana kesho. Nilimpigia Shani pia, sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu anitukane vizuri. Alisikiliza, akasema tu, "Tafuta kitu cha kufinyangia. Usirudi huku na hizo sanamu."

Nilikumbuka duka la Hezron. "Bosi, ile gundi ya udongo, mafundi wanayozibia matangi ya mafuta, unayo?"

"Ile ya vijiti viwili? Ipo Bunda, boksi zima."

"Inakauka kwa muda gani?"

"Saa moja inakuwa chuma." Alinitazama, akaelewa, akashika funguo. Aliondoka saa tano, akarudi saa nane na vumbi mpaka kwenye kope.

Nilirudi mbele ya lile kochi nikapiga magoti bila kuambiwa.

"Bibi, naomba nishike sikio lako. Sijui lilivyo."

Akainamisha kichwa upande wangu. "Shika. Usiogope, halitakatika. Hili nitalilinda mwenyewe."

Nilifumba macho nikalishika. Lilikuwa laini kuliko chochote nilichowahi kukisugua kwa msasa, na lilikuwa na uzito wake. Chini palikuwa pazito, juu pembamba. Nilifinyanga vile vijiti, cheusi na cheupe, mpaka vikawa kijivu, nikavuta nyuzi kwa sindano, nikazikunja, nikazibandika. Kila sikio nililolimaliza nilimpa alishike likiwa bado bichi.

"Refu zaidi. Wegesa alikuwa na maringo."

"Hivi?"

"Zaidi. Hapo. Hapo sasa hata harufu ya ugoro naisikia. Mugeta umemgeuza, refu lilikuwa la kulia. Na huyu kaka yangu lake lilikuwa limechanika nyuma, liguse la kwangu, hapa, unaona? Ng'ombe mmoja alituumiza wote wawili."

Masikio kumi. Moja lilikatika nikalirudia mara tatu. Hatukumtengeneza Magige wa pili, yule laini mwenye rangi nzuri. Nilipouliza, bibi alisema Magige amekwisha kufika. Nikamwomba basi yule mbovu nimsafishe japo kidogo, kwapani tu, kwenye tando. Alifunga kiganja.

"Usimguse."

Nilipomaliza niligeuza zile tano kichwa chini, nikachukua kisu, nikakwangua jina langu. Lilitoka upesi, herufi za sindano hazina kina. Nikapitisha msasa. Bibi alisikia mkwaruzo, akachukua moja, akapitisha kidole chini, akairudisha. Shani alipiga simu jioni kuuliza masikio yamekuwa ya rangi gani. Nikamwambia ya kijivu, na watu wenyewe ni weusi. "Ala," akasema. "Kumbe rangi nayo ina kazi." Nilimvumilia.

Kesho yake nilitaka kuondoka alfajiri. Hezron alikataa, alisema bibi ameagiza nikae mbele. Watu walijaa sebuleni, barazani, madirishani. Bibi Ghati alikuwa amevaa gauni jeupe, na kilemba hakukivaa. Masikio yake yalikuwa wazi mbele ya ukoo wake wote. Aliwapitisha watu wake mmoja mmoja, akitaja jina, akitaja sikio, akitaja kisa chake, na kila sanamu ilipita mkono kwa mkono kwa watoto. Watoto walivuta masikio yao wenyewe kupima. Niliinuka nusu kila mtoto aliposhika kitanzi, lakini gundi ya Bunda ilikuwa imekuwa chuma kweli.

Magige akawa wa mwisho. Alipoinuliwa mweupe, bila rangi, ana ngazi kutoka utosini mpaka kisiginoni, watu wa nyuma walianza kunong'ona. Mimi nilitazama sakafu. Katika maisha yangu sijawahi kuona kitu kibaya namna ile kikiinuliwa mbele ya watu mia na mimi nipo humo ndani na kisu mfukoni.

Mtoto wa kike wa miaka saba hivi alikipokea, akakigeuza ubavuni.

"Bibi, huyu babu mbona ana mstari? Kama amegawanywa."

Sasa ataniita, nikawaza. Sasa atanyoosha kidole upande ule sauti ya mwenyekiti ilikotokea.

"Aligawanywa ndiyo," Bibi Ghati alisema. "Nusu yangu, nusu ya Wegesa. Na ukiangalia vizuri utaona hatukugawana sawa. Nusu yangu iko juu."

Kicheko kilichotoka mle ndani sikijui mfano. Wazee walipiga mapaja. Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa. Wajukuu wa Wegesa, waliokuwa upande wa dirisha, walipiga kelele kwamba huo ni wizi, kalibu irudiwe, wanataka nusu ya juu, na bibi akawajibu kwamba wachelewe tu kama bibi yao alivyochelewa kuolewa. Hezron alikuwa anafuta macho. Na mimi nilikuwa nimepigwa na butwaa kwa mara ya tatu katika siku mbili, natazama mshono, adui yangu wa miaka mitatu, ambao kwa dakika kumi za kisu ningeufuta usibaki hata wa kusimuliwa.

Yule mtoto alikuwa bado ameshika sanamu. Alipitisha ukucha wake taratibu kutoka utosini, sikioni, begani. Kwenye kiwiko ukakwama.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta kisu. Nikaukalia.